Zamu ya Mashine Shimoni

Ndugu Mhariri,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba uinuke ufunge mlango. Kama ofisi yako haina mlango, basi geuza kiti uutazame ukuta. Barua hii ni siri yangu na yako. Usiichape, usiisome kwa sauti, wala usimpe mwenzako aikague tahajia. Najua kwamba kumwandikia mhariri wa gazeti barua ya siri ni sawa na kumkabidhi mbuzi shamba la kunde, lakini sina mwingine wa kumwendea. Naibu wa chifu yuko katika zamu ya asubuhi, na pasta yuko katika zamu ya jioni.

MINTARAFU: MASHINE YA KUCHORA KUTOFIKA KWENYE ZAMU YAKE

Mimi ni karani wa kikundi cha maji katika kijiji kimoja upande wa Ganze. Jina la kijiji sitalitaja. Nilizaliwa Kisumu Ndogo, Malindi, nikasoma hadi chuo, na kazi hii niliipata kwa maombi ya mama yangu, na pia kwa sababu waombaji wenzangu waliposikia ni Ganze hawakuja kwenye usaili. Bado niko katika kipindi cha majaribio. Mwenyekiti wetu, Mzee Ngumbao, ndiye atakayetia sahihi kama nabaki au naondoka, na siku hizi kila nikimpelekea kalamu yeye ananipa sururu.

Kikundi chetu kina tangi, kina bomba na kina kibanda cha kuuzia maji. Kinachokosekana ni maji. Huja yanapotaka, na yasipotaka akina mama huyafuata bwawani, mwendo wa kuondoka gizani na kurudi jua likiwa kichwani pamoja na mtungi.

Mwaka huu tulisikia kwamba kuna watu wa hoteli moja huko Bofa wanaotaka kusaidia vikundi vya maji, mradi kila kikundi kiwe na nembo. Bi Gladys, mweka hazina wetu, alirudi kutoka kwenye mkutano wao amenuna. "Wenzetu wote wana nembo," alisema. "Sisi tuna muhuri tu, nao umekatika kipande." Nikaagizwa kuitafuta nembo. Nikachukua simu yangu, nikaingia kwenye mashine ya akili unde, ile unayoiandikia maneno nayo ikakurudishia picha kabla hujameza mate. Hapo ndipo yalipoanzia malalamiko yangu, ambayo nayapanga kwa nambari ili yasikuchoshe.

1. Mashine ilinipa nisichoomba. Niliandika kwa adabu kwamba nataka nembo ya kikundi cha maji cha Ganze: tone moja, rangi ya samawati, maandishi yasomeke. Nilitanguliza neno tafadhali. Ikanirudishia mwanamke wa makamo aliyevaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya nyanya zetu, na mtungi kichwani. Nyuma yake kilikuwapo kilima chenye mabega mawili, mkwaju ulioinamia kulia, na chini ya mkwaju chemchemi inabubujika. Tone halikuwapo. Maandishi yalikuwapo, lakini si ya lugha yoyote ambayo Mungu aliwagawia wanadamu. Ningeweza kuikataa. Lakini picha ilikuwa nzuri, Ndugu Mhariri, na mimi nilikuwa nimetumwa nembo, sikutumwa ukweli.

Tukamwita Mwaura, mchoraji wa mabango, mtu wa bara aliyehamia Malindi, akaichora kwenye ukuta wa tangi kwa rangi ya mafuta, kubwa kuliko mlango. Yale maandishi alikataa kuyanakili. Alisema, "Mimi huandika Hoteli, Kinyozi na Yesu ni Jibu. Hii siijui, na nisichokijua sikiandiki kwa ukuta wa watu." Badala yake akaandika Kikundi cha Maji cha Kwa Pola. (Naona nimelitaja jina la kijiji. Nakuomba ulisahau.)

2. Mashine ilichora mtu anayejulikana. Ule mtungi ulikaa kichwani bila mkono kuushika na bila ngata, yaani ule mviringo wa kitambaa ambao kila mwanamke huuweka chini ya mtungi ili usiteleze. Ni makosa ya mashine. Haijawahi kuteka maji. Mwaura alitaka kuiongeza ngata, lakini rangi nyekundu ilikuwa imemwishia.

Rangi ilipokauka akaja Hawe Kadii, ambaye sote humwita hawe kwa kuwa ni nyanya wa karibu kila mtu hapa. Alisimama mbele ya tangi asiteke. Foleni ikasimama nyuma yake. Kisha akasema, "Huyu ni Mekahaso, shangazi yake mama. Hakuna mwingine aliyebeba bila ngata. Na hapo ni Mkwajuni, walikokuwa wakiteka kabla sijazaliwa." Wakamuuliza mkwaju uko wapi sasa. Akajibu kwamba ulikatwa ukachomwa makaa, na chemchemi ikafukiwa na mchanga wa mafuriko. Wazee wawili wakaanza kutazama viatu vyao, nami nikatambua kwamba wao ndio waliouchoma.

Kilima chenye mabega mawili tunacho, sina budi kukubali. Lakini, Ndugu Mhariri, ni nani asiye na kilima?

3. Maelezo yangu yalitumiwa dhidi yangu. Likaitishwa baraza. Nilisimama nikaeleza kwa utaratibu kwamba mashine haijui Ganze wala mkwaju, na haina shangazi. Imeonyeshwa picha za dunia nzima, mamilioni kwa mamilioni, ikajifunza mtungi hukaa wapi na kilima hukaa wapi, kisha inakisia. Nilidhani nimeeleza vizuri, hata kuna mtu aliyepiga makofi.

Mzee Ngumbao akaniuliza, "Umesema imeonyeshwa dunia nzima?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

"Ganze imo duniani?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

"Basi kaa chini, mwanangu."

Mpaka leo sijapata jibu la hoja hiyo. Nimelitafuta hata katika vitabu vyangu vya chuo.

4. Mashine ilijitolea ushahidi. Nikaona njia ya kuwaonyesha kuwa ni makisio ni kuiagiza mashine mara ya pili, mbele ya baraza, kwa maneno yaleyale, nikijua italeta kitu kingine. Ikaleta kitu kingine. Mwanamke hakuwapo. Kilima kilikuwapo, na mkwaju, na maji, na mbuzi wanakunywa. Ila mkwaju sasa uliinamia kushoto. Nilifurahi mno. Nikainua simu juu nikasema, "Mnaona? Umegeuka!"

Masha, fundi wetu wa kuchimba visima na vyoo, akaniambia kwa upole kama anayemsaidia mgonjwa, "Karani, na ukiutazama kutoka upande wa pili, utainamia wapi?"

Wakawa mashahidi wawili, na kesi yenye mashahidi wawili hapa huhesabiwa imekwisha. Ilibaki kesi ya mbuzi tu, kwa sababu Mzee Ngumbao alimtambua beberu wa marehemu baba yake, yule ambaye wakwe hushikilia mpaka leo kwamba hakuwahi kuletwa katika mahari. Kesi hiyo inaendelea, nami nimetakiwa kufika nikiwa na simu iliyojaa chaji.

5. Mashine haichimbi. Hili ndilo kiini cha barua. Iliamuliwa tuchimbe pale Mkwajuni, kwa ujima. Kanuni ya ujima ni ya zamani: kila nyumba inatoa mtu wa zamu, na yeyote aliyeleta wazo naye ana zamu yake, maana mdomo usiochimba haunywi. Bi Gladys alisimama kusoma majina. Akasoma wa kwa Ngumbao, akasoma wa kwa Masha, akanisoma mimi, kisha akasoma, "Mashine."

Akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Mashine yupo?"

Mtu akasema nyuma, "Hana mikono huyo."

"Mikono sita mbona alimchorea mtoto wa binti yangu kwenye kadi?" akauliza mwingine. "Angejichorea miwili."

Bi Gladys akasema hana ruhusa ya kumfuta mtu zamu kwa sababu ya maumbile. Akauliza ni nani mwenyeji wa Mashine hapa kijijini, ili amchimbie mgeni wake. Watu wote wakanigeukia.

Basi nachimba zamu mbili, yangu na ya mashine. Mikono hii haikuwahi kushika kitu kizito kuliko faili, na sasa faili haiwezi kuishika. Utaona mwandiko wenyewe umeinama kama mkwaju. Masha husimama juu na kamba ya ndoo, na zamu ya pili inapoanza hunipigia kelele, "Haya Nzai, umechimba kama mtu, sasa chimba kama mashine!" Wanacheka hadi udongo unaniangukia shingoni. (Jina hilo ni la mtu mwingine.)

6. Sasa nafikia jambo linalonikosesha usingizi, nalo silitaji kwa mzaha. Masika yanakaribia. Huu ndio wakati wa kulima, ili mvua ya kwanza ikute mashimo ya mahindi tayari. Hakuna anayelima. Majembe yote yako Mkwajuni. Shimo limekuwa refu kiasi kwamba nikitazama juu naona kipande cha mbingu kama sahani, na chini ya miguu yangu ni pakavu kama jivu. Mvua ikija na kukuta mashamba ni magugu, na shimo ni vumbi, watu hawa watalala njaa mwaka mzima kwa sababu ya picha niliyoiagiza mimi nikiwa nimekaa kivulini na kikombe cha chai.

Mama ninayekaa kwake, Idah, hajanikasirikia. Alinitengea chakula jana akasema tu, "Mbegu ziko ndani, karani. Mume wangu yuko shimoni kwako." Alisema shimoni kwako. Niliirudisha sahani ya ugali kama ilivyokuja.

7. Watu wa hoteli wameipenda nembo. Wameandika kwamba wangependa kuja kupiga picha mahali penyewe, pamoja na yule mama kama bado huteka. Bi Gladys amewajibu kwamba mama amesafiri na chemchemi iko katika marekebisho.

8. Katika baraza la juzi mzee mmoja alitaja kiapo. Hakusema ni nani atakayekila. Alinitazama tu, akaomba tumbaku.

Huenda ukaniuliza, Ndugu Mhariri, kwa nini nisiifute picha na yaishe. Nilijaribu. Nilimpigia Mwaura aje achore tone juu yake. Aliniambia, "Nikamfute mama wa watu? Halafu nirudi Malindi nilale vipi?" Tena Hawe Kadii huketi chini ya ukuta ule tangu asubuhi, na kabla ya kuteka humwamkua yule shangazi wa mama yake, humweleza nani amezaa na nani ameugua. Siwezi kupita na ndoo ya rangi mbele ya mazungumzo ya watu wawili.

Kwa sababu hizo naomba mambo yafuatayo, ambayo naamini ni madogo.

Wenye mashine waitwe, popote walipo, waje wachimbe zamu yao. Wakiwa na udhuru watume ndugu. Tunaanza alfajiri, na aje na kofia, kwa ajili ya udongo. Pili, mashine ilazimishwe kuandika chini ya kila picha maneno MAHALI HAPA HAPAPO, kwa herufi zinazosomeka, si kwa zile ilizoniandikia mimi. Halafu izuiwe kuchora maji upande wa Ganze bila kibali cha idara inayohusika, kama tunavyozuiwa sisi kuunganisha bomba. Ikishindwa kabisa kujizuia, basi ichore ukame. Ukame tutautambua sote, kila mtu atasema huu ni wa kwetu, na hakuna atakayechimba.

La mwisho nakuomba wewe mwenyewe. Gazeti lako hufika hapa moja, kwa fundi cherehani, nalo huaminiwa kuliko mimi. Chapa ukurasa wa mbele, kwa herufi nene, kwamba pale chini hakuna maji. Lakini usiseme ni chini ya wapi, wala nani kakwambia, wala kwamba kuna shimo. Nina hakika mwandishi wa uzoefu wako atapata namna.

Mpaka hapo nimeishiwa na nguvu za vidole, maneno bado ninayo. Nisalimie wote walioko hapo ofisini, msahihishaji, anayewapikia chai, na dereva wa gari la magazeti ambaye hututupia letu bila kusimama. Wape salamu zote, ila usiwaambie zimetoka kwa nani.

Wako kwa heshima na hofu,

Karani
(jina nimelihifadhi)

Tanbihi. Barua hii ilikuwa tayari imefungwa katika bahasha, imebidi niipasue. Tafadhali puuza nambari ya kwanza hadi ya nane.

Jana, baada ya kumaliza zamu yangu, niliingia katika zamu ya mashine. Nilipiga mtaimbo mara moja ukazama wote, nikadhani nimevunja kitu cha watu, nikaomba radhi. Kisha nikahisi baridi katika mguu wa kushoto. Masha akauliza kutoka juu, "Nini huko?" Nikasema ni maji. Akasema, "Sema tena." Nikasema tena. Vigelegele vikaniangukia pamoja na udongo, na mtu mmoja, nadhani ni pasta, akaangusha kiatu chake.

Ni maji ya chumvi kidogo. Hawe Kadii aliletewa katika kata, akaonja, akafumba macho, akasema, "Mama alisema yalikuwa na chumvi kidogo." Jambo hilo hakuwahi kulisema kabla. Sikumuuliza. Alikuwa analia.

Wanaume wamerudi mashambani jioni ileile na majembe mabegani. Mume wa Idah amelima mpaka kwenye mpaka wa jirani, na leo nimekula vizuri. Mzee Ngumbao ametia sahihi, nimethibitishwa kazini. Ila Bi Gladys ameandika daftarini kwamba maji yalipatikana katika zamu ya mashine, na kanuni ni kanuni. Shukrani zote zimekwenda kwa mashine, nami nilisimama nikazipokea kwa niaba yake nikiwa na tope hadi kiunoni. Kwa hiyo naomba wenye mashine wasije kabisa. Wakija watafanyiwa sherehe, na wataulizwa maswali.

Maana maswali yameanza. Vijana wameniletea ombi la picha ya barabara. Akina mama wanataka zahanati, wamesisitiza iwe na daktari ndani. Hayo naweza kuyakwepa. Lakini asubuhi ya leo amekuja Sidi, ambaye mwanawe alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani na simu yake haipatikani tena. Hakuomba mengi. Amesema nimchoree tu mahali alipo, ili tujue pa kuanza kumtafuta. Alikuja na picha ya mtoto ya cheti cha shule, amevaa sweta, ili mashine isikosee uso. Nimemwambia simu haina chaji. Amesema atangoja.

Sijaichora, Ndugu Mhariri, na najua nikiichora itakuwa nzuri. Itakuwa na dirisha, na pazia, na msichana anacheka. Kama una jibu ninaloweza kumpa mama huyu, usilitie kwenye gazeti, na usinipigie simu, kwa kuwa nimesema haina chaji. Njoo mwenyewe. Ukishuka Ganze, wafuate akina mama wenye mitungi. Zamani wangekupeleka mbali, sasa watakufikisha upesi. Usimuulize mtu karani yuko wapi, hawatajua unamtaka nani. Fika ukingoni mwa shimo, jishike kwenye nguzo ya kamba, uite kwa sauti, "Mashine!" Nitaitika kutoka chini, tunaongeza kina kabla ya mvua, nao watanivuta juu.

Lakini kama Sidi amesimama hapo karibu, naomba usiite.